Sita wa Duara la Tano

Jumanne ile asubuhi Paskazia Bujiku alikuwa uani kwake Tinde, akikata viazi vitamu vya kuanika michembe, jirani yake Melania alipochungulia juu ya wigo wa minyaa na kumuuliza wiki hii anaandika nini.

"Sungura," Paskazia alijibu.

"Sungura peke yake?"

"Na ndege wawili watatu."

Melania aliridhika, akaenda kufungulia mbuzi wake. Wiki ambazo Paskazia aliandika habari za fisi, mtaa mzima ulifungia mifugo kabla jua halijazama. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na tangu astaafu aliandika vitabu vya hadithi za watoto, na alichokisoma kwa sauti mbele ya watu kilitoka. Bibi yake Mbuke kule Samuye alikuwa hivyo hivyo. Watu wa Samuye walilichukulia jambo hilo kama wanavyomchukulia mtu aliyezaliwa na sauti nzuri ya kuimba. Mwaka aliosoma hadithi ya kapu la kanga, kanga saba walitoka chini ya meza ya mwalimu mkuu na wazazi wakagawana. Baada ya hapo ofisi ya elimu ilimwandikia barua ya heshima ikimwomba asitumie simba.

Lakini hakikutoka kila mara. Kilitoka pale tu alipokuwa ameandika jambo analoliamini. Shirika moja lilipata kumlipa aandike hadithi ya kisima kinachonywesha kijiji kizima. Akaisoma kando ya kisima chenyewe, ambacho yeye na kila mtu walijua kuwa kilichimbwa kikavu, na halikutoka hata tone. Watoto walikaa wakimwangalia. Siku hiyo ndipo alipojua kwamba mwandishi hana aibu kubwa kuliko ile: kusoma mpaka nukta ya mwisho, ukafunga daftari, na kukawa kimya.

Viazi vilikuwa havijaisha simu ilipoita. Alikuwa Mwalimu Masudi, mkuu wa shule ndogo ya machimbo ya Bulyamhela, mbele ya Runzewe. Walikuwa wanafungua darasa jipya Ijumaa ya wiki inayofuata, na mgeni rasmi angetoka wilayani. Darasa lilijengwa na Bwana Fredy, mwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Tatizo ni kwamba watoto walikataa kuingia.

"Kwa nini wanakataa?" Paskazia aliuliza.

"Wanasema chini ya sakafu kuna watu wanakohoa," Mwalimu Masudi alisema. "Bosi anaomba hadithi ya kuwatoa hofu."

*

Alifika Bulyamhela Jumatano ya wiki iliyofuata, jioni, kwa bodaboda kutoka Runzewe, vumbi jekundu likiwa limemjaa mpaka kwenye kope. Fredy alimpokea mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mnene kidogo, mwenye adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Habari za hapa?"

"Hapa ni kazi tu, Mwalimu. Mungu anasaidia."

Alimtembeza. Alimwonyesha karasha zinazosaga mawe, na duara la sita, shimo jipya ambalo lilikuwa bado linajengewa kuta za matimba, magogo ya kuzuia udongo. Kisha alimwonyesha darasa. Lilikuwa zuri, lina madirisha ya vioo na sakafu ya saruji inayoteleza kama sahani. Hatua arobaini nyuma ya ubao palikuwa na uwanja wa kifusi uliosawazishwa vizuri.

"Hili lilikuwa duara la tano," Fredy alisema. "Lilitema mwezi wa tatu, kuta zikaporomoka mvua zilipozidi. Nikaleta mtambo wa kijiko, tukalifukia. Hakukuwa na mtu ndani."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Iko barua." Alisimama akimwangalia usoni. "Vijana sita walikuwa wameondoka siku hiyo hiyo kufuata rashi ya Chunya. Unajua wachimbaji, Mwalimu. Wakisikia dhahabu imetoka mahali, hawaagi hata wake zao. Sasa wanawake wameingiza maneno vichwani mwa watoto. Ndiyo maana nikasema tutafute mtu anayejua maneno."

Paskazia alimwonyesha hadithi aliyokuja nayo. Ilikuwa ya sungura mvivu aliyejifunza kufanya kazi mpaka akapata jiwe linalong'aa. Fredy aliisoma yote akiwa amesimama, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo," alisema. "Usiongeze na usipunguze. Na Jumamosi kijana wangu atakurudisha Tinde kwa gari. Barabara ile ni ndefu, na mama mzee kama wewe hupaswi kupita peke yako."

Alilisema kwa upole kabisa. Paskazia aliyakunja makaratasi yake na kuyatia mkobani.

*

Kesho yake asubuhi alikwenda kunywa chai kwenye banda la mama ntilie. Mwenye banda aliitwa Bhoke, mwanamke mrefu aliyekuja kutoka Tarime na mumewe miaka sita iliyopita. Alimwekea Paskazia chapati mbili, akafuta benchi, akakaa mbele yake bila kuombwa.

"Mwalimu, wewe ndiye yule unayesoma vitu vikatoka?"

"Ni mimi."

"Mume wangu anaitwa Onesmo. Yuko chini ya darasa, kule njia za duara zilikofika."

Paskazia aliweka kikombe. Alimwambia ukweli, kwamba yeye si mganga wala si zimamoto. Hawezi kumtoa mtu kwa kuombwa. Kama yeye mwenyewe haamini kwamba mtu huyo yuko pale, anaweza kusoma mpaka koo likauke.

"Na kama yuko Chunya kweli?" aliuliza. "Nikisoma na asitoke, Mama, utabaki na nini?"

Bhoke aliinuka. Aligeuza chapati iliyokuwa jikoni, akaigeuza tena ingawa ilikuwa imeiva.

"Hilo nimelala nalo miezi mitatu," alisema. "Kuna siku naomba Mungu awe Chunya, hata kama ana mwanamke mwingine, ilimradi anapumua. Siku nyingine naomba awe chini. Akiwa chini, basi hakuniacha. Halafu nalia kwa sababu ya niliyoyaomba. Njoo nikuonyeshe kitu."

Nyuma ya banda, chini ya turubai, kulikuwa na ndoo. Ndani yake mlikuwa na jozi sita za katambuga, zile ndala za matairi. Bhoke alizipanga chini moja moja, akitaja majina ya wenyewe, kwa sababu kila jozi aliijua. Onesmo. Sitta. Kulwa. Ndaki. Yohana. Na Hamisi, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, na ndala yake ya upande huo ilikuwa imeongezwa tairi chini.

"Wanashuka peku," Bhoke alisema. "Ndala wanaziacha mdomoni mwa duara. Hizi nilizikusanya asubuhi ile, kijiko kilipokuwa kinafukia. Niambie wewe mwenye elimu, Mwalimu. Nani anakwenda Chunya peku? Hamisi angefikaje hata Runzewe?"

Paskazia alichuchumaa akaitazama ndala ya Hamisi. Tairi la nyongeza lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nailoni, kwa mkono wa mtu mwenye subira. Alipoinuka magoti yalimuuma, na alikuwa ameamini.

*

Mchana ule wote aliandika, akiwa amejifungia katika chumba cha wageni alichopewa na Mwalimu Masudi. Nje palikuwa na kijana wa Fredy, amekaa juu ya pikipiki, akichezea simu.

Hadithi aliijua. Kila mtoto wa Usukumani ameisikia kwa namna moja au nyingine: zimwi linameza watu wa kijiji kizima, anabaki mmoja, huyo mmoja analikata kidole, na watu wanatoka. Paskazia aliwahi kuisoma mara mia, na hakuwahi kuona mtoto akiuliza kwa nini waliomezwa hawakufa. Watoto wanaelewa. Tumboni mwa zimwi watu hukaa. Wanagombana, wanachekeshana, wanasubiri. Kumezwa si kufa, ni kukosa mtu wa kukusimulia. Wakubwa ndio wanaotaka kuelezwa hewa ilitoka wapi.

Alichokuwa hajakifikiria tangu utotoni ni upande mwingine wa hadithi hiyo. Alipokuwa na miaka saba alimuuliza bibi yake, watu wakishatoka tumboni wanakwenda wapi, maana zimwi lilikuwa limemeza na mashamba. Mbuke alimwambia kwa Kisukuma, "Ng'wana wane, lala," yaani mwanangu, lala. Kwa miaka yote ya uandishi wake Paskazia alilitumia jibu hilo. Aliwatoa watu tumboni, akaweka nukta, akawalaza watoto. Sasa kalamu ilisimama palepale, kwenye nukta, na hakupata la kuongeza. Alijua tu kwamba asiposoma kesho, hatasoma tena mahali popote akiwa mtu yule yule.

Mwalimu Masudi alibisha hodi akaingia na sahani ya wali. Aliona karatasi mpya, akaona majina sita. Alikaa kitandani.

"Mwalimu, mimi nina watoto wanne," alisema.

"Najua, baba."

"Hii shule anailipia yeye. Mshahara wangu pia anaongeza yeye."

"Najua. Wewe hukuona kitu. Umeleta wali tu."

Masudi alimsogezea sahani. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Hamisi alikuwa anaandikwa kwa a mbili kwenye kitambulisho chake, Haamisi, karani alikosea. Kama majina ni muhimu, basi aliandike hivyo. Akatoka.

*

Ijumaa saa nne mgeni rasmi alifika. Watoto waliingizwa darasani kwa fimbo na kwa biskuti. Walikaa wameinua miguu juu ya madawati ili nyayo zisiguse sakafu. Wazazi walisimama ukutani. Wanawake sita walisimama pamoja karibu na mlango, na Bhoke alikuwa na ndoo.

Fredy, aliyeketi mbele karibu na mgeni rasmi, aliinama kumwelekea Paskazia. "Ni ile ya sungura, siyo?"

"Ni hadithi ya watoto," Paskazia alisema.

Alianza na sungura, kwa sababu aliogopa. Alisoma aya mbili. Hakutoka sungura, hakutoka hata unyoya wa ndege. Mtoto mmoja alipiga miayo. Kijana wa pikipiki alikuwa amesimama dirishani. Paskazia alisikia mapigo ya moyo wake kwenye maikrofoni, au alidhani anayasikia. Aliiweka hadithi ya sungura mezani, akaikunja katikati, akatoa karatasi nyingine kwenye mkoba.

"Hapo zamani ambazo hazijapita," alisoma, "palikuwa na zimwi lenye mdomo juu ya ardhi na tumbo chini yake. Lilimeza watu sita. Wa kwanza aliitwa Sitta."

Fredy aligeuza kichwa nyuma. Nje jenereta lilizimwa, na maikrofoni ikafa. Paskazia alipandisha sauti, ile sauti iliyokuwa imenyamazisha madarasa ya watoto tisini.

"Wa pili aliitwa Kulwa. Wa tatu Ndaki."

Kijana wa pikipiki alikuwa ameshaingia mlangoni. Fredy alimwonyesha meza kwa kidevu. Lakini mgeni rasmi aliinua kiganja chake, si kwa ukali.

"Mwache amalize," alisema. "Nataka kujua inaishaje."

Kijana alisimama alipokuwa. Paskazia alitaja Yohana, akataja Haamisi kwa a mbili, akataja Onesmo. Akasoma jinsi walivyokaa tumboni miezi mitatu, na jinsi mwanamke mmoja alivyokuja na kisu cha kukatia vitunguu, akatafuta kidole cha zimwi, akakata.

Saruji ilipasuka kwenye kona, kando ya ubao. Haikupiga kelele sana. Watoto waliokaa upande ule walisogea kwa madawati yao kupisha. Alitoka kwanza Sitta, akipapasa ukingo kwa mikono, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga wa muhogo. Akamvuta Kulwa. Kulwa akamvuta Ndaki. Yohana alitoka akikohoa, na watoto wakatazamana, kwa sababu kikohozi chenyewe walikijua. Hamisi alisukumwa kutoka chini. Wa mwisho alikuwa Onesmo, aliyekuwa amewainua wenzake. Mgeni rasmi alisogeza kiti chake nyuma kidogo ili wapate nafasi.

Wanawake walikwenda mbele. Bhoke alipiga magoti, akatoa ndala kwenye ndoo, akamvalisha mumewe moja kisha nyingine. Hakumtazama usoni mpaka alipomaliza. Alipomtazama alimpiga kofi moja la shavuni, kisha akamshika.

"Nilikusikia unapiga kelele kijiko kilipokuja," Onesmo alimwambia. "Niliitikia."

Fredy alikuwa bado amekaa. Alitazama ufa wa sakafu, akawatazama wale sita, na kwa muda alikuwa kama mtu anayefanya hesabu ndefu bila karatasi. Kisha uso wake ulikunjuka. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa," alisema, "hawa ndio wale vijana waliokwenda Chunya. Si nilikueleza kwamba watarudi?"

Mgeni rasmi alifurahi sana. Alipiga makofi, na darasa lote likapiga makofi.

*

Chakula cha mchana kilichoandaliwa kwa sherehe kilikuwa pilau. Kabla ya kula, afisa aliyefuatana na mgeni rasmi aliweka meza chini ya turubai na fomu sita, maana wanawake walikuwa wamepeleka malalamiko ya watu kupotea, na malalamiko yalipaswa kufungwa. Onesmo alikuwa wa kwanza.

"Ulikotoka?" afisa aliuliza.

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini hapa. Duara la tano."

Afisa alipekua faili. Alikuwa kijana msafi, asiye na ubaya wowote. Alimwonyesha Onesmo barua ya mwezi wa tatu, iliyopigwa muhuri, ikisema wakati duara la tano linafukiwa hapakuwa na mtu ndani. Alimweleza kwa subira kwamba mtu hawezi kutoka mahali ambapo hakuwepo. Akaandika Chunya.

Paskazia alikuwa amesimama karibu. "Umewaona kwa macho yako wakitoka sakafuni," alisema.

"Nimewaona, Mwalimu. Nimeona watu sita walio hai." Afisa hakuinua kichwa. "Ningeona maiti ningeandika maiti."

Onesmo aliangalia sahani za pilau zilizokuwa zinapita. Alikuwa hajala kitu cha moto tangu Machi. Akaweka sahihi. Watano waliofuata waliweka sahihi au dole gumba, kila mmoja kwa zamu yake.

Fredy alimfuata Paskazia kwenye kivuli cha darasa. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nilikuogopa bure, Mwalimu," alisema. "Kama ningejua, ningekuita mwezi wa nne."

*

Hakuchukua gari la Fredy Jumamosi. Alikaa kwa Bhoke hadi Jumatatu. Aliona jinsi Onesmo anavyolala amekaa, mgongo ukutani. Aliona pia wanawake wa bombani wakimuuliza Bhoke mumewe amemletea nini kutoka Chunya, na yule mwanamke wa huko alikuwa na rangi gani. Bhoke aliwajibu kwamba hakuwa Chunya. Waliitikia ndiyo, dada, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa.

Jumatatu alfajiri Onesmo alifunga taa kichwani. Duara la sita lilikuwa tayari, na Fredy alikuwa ameagiza waitwe wao kwanza, kwa kuwa hakuna aliyeujua mwamba ule kutoka ndani kama wao. Bhoke alikuwa anakanda unga.

"Usishuke," alimwambia.

"Nishuke wapi tena, Bhoke? Tutakula nini?"

"Sijui."

"Na mimi sijui," Onesmo alisema, bila ukali. Alimwamkia Paskazia, akamshukuru kwa kumtoa, akaenda. Wengine watano walimsubiri njiani, na Hamisi alikuwa anachechemea nyuma kidogo. Paskazia aliwafuata kwa macho mpaka vichwa vyao vilipozama mmoja mmoja mdomoni mwa duara.

Stendi ya Runzewe, saa tatu, alikuwa amekata tiketi na anangoja basi la Kahama, mwanamke mmoja alipomjia. Alikuwa amefunga kitenge kipya juu ya gauni la kazi, na alikuwa ametembea mwendo mrefu. Nyuma yake walisimama wengine wanne.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, akipiga goti. "Naitwa Zipora. Tumetoka machimbo ya upande wa huku, nyuma ya msitu. Tumesikia ulivyosoma Bulyamhela."

Alimpa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa na majina kumi na moja, kwa miandiko mitano tofauti.

"Wamemezwa lini?" Paskazia aliuliza.

"Mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili."

"Kuna barua?"

"Ipo. Inasema walikwenda Msumbiji."

Paskazia alisoma majina yote hadi chini. Utingo aliita abiria wa Kahama, na watu wakaanza kusukumana mlangoni.

"Nitakwambia ukweli, mama," alisema. "Ninaweza kuwatoa. Lakini wakitoka, itaandikwa kwamba walikuwa Msumbiji, na Jumatatu watarudi shimoni. Sijui kuandika kinachofuata. Nimejaribu siku tatu."

Zipora aliwatazama wenzake. Hawakushauriana, ilionekana walikuwa wamelizungumza hilo njiani.

"Wewe watoe tu, mayu," alisema. "Hayo mengine tumeyazoea."

Basi liliondoka. Paskazia alikaa juu ya mzigo wake, akatafuta kalamu, akamwomba Zipora aanze na wa kwanza: aliitwa nani, na alikuwa mtu wa namna gani.